Zima injini, subiri mtoni

Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kati ya Julai na Oktoba, usizunguke kutwa nzima ukiwasaka wanyama. Chagua sehemu moja yenye uwazi kando ya Mto Tarangire, mwombe dereva azime injini, kisha kaa kimya garini kwa saa nzima. Nilijaribu hivyo wiki iliyopita, nami sitarudia mtindo wa zamani. Wakati wa kiangazi mto huo ndio tegemeo kubwa la maji, kwa hiyo wanyama huja wenyewe, na gari lililozimwa halitikisi darubini wala halimezi sauti: utawasikia tembo wakichimba mchanga mkavu kwa miguu na mikonga hadi maji yachuruzike shimoni, huku pundamilia wakingoja zamu nyuma yao. Gari liegeshwe mbali na njia yao ya kushukia majini, na upepo uwe unavuma kutoka kwao kuja kwenu, maana tembo hunusa mbali sana. Mbinu hii haifai mvua zikianza, takriban Novemba, kwani madimbwi hujaa kila mahali, na nyumbu na pundamilia wengi hutoka hifadhini kuelekea nyanda za Simanjiro.