Pima nyuzi za karatasi kabla ya kushika mkasi

Ukitengeneza kwa karatasi ile Short Empire, ndege ya majini iliyokuwa ikitua ziwani hapa Kisumu miaka ya 1930, anza na karatasi yenyewe. Ipinde polepole, usiikunje, kwa urefu kisha kwa upana. Inapolegea kwa urahisi, nyuzi zimelala sambamba na mpindo huo. Chapisha mwili wa ndege urefu wake ufuate nyuzi, na mgongo utajiviringa laini bila kuvunjika. Hii ndiyo siri kubwa, niamini! Mimi hupenda karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba. Mistari ya kukunja ipitishie biki iliyokwisha wino. Mabawa kwa kipimo cha 1:100 hufika sentimita 35 hivi, hayaenei kwenye A4, kwa hiyo yagawe katikati.