Jinsi ya kusambaza vipeperushi na magazeti ya bure bila kugombana na halmashauri

Anayeanza kazi hii huhangaika sana na maneno yaliyo kwenye karatasi. Sheria ndogo za halmashauri nyingi huangalia zaidi mambo mawili: karatasi imeachwa wapi, na mwenye nyumba ameikubali au la.

Hatua ya 1: Soma sheria ndogo kabla ya kupeleka kazi kiwandani

Usitafute sheria yenye jina la vipeperushi, huenda usiipate. Tafuta kwenye vifungu vya usafi wa mazingira, matangazo na biashara za barabarani. Ukiwa pale, jiulize: ni maeneo gani yanahitaji kibali, kinatoka baada ya siku ngapi, nani amesamehewa, na je, jina na anwani ya msambazaji lazima vichapwe? Hilo la mwisho ndilo linalofanya usome mapema. Mzigo ukishachapwa, hutakaa uandike anwani kwa kalamu kwenye karatasi elfu tano.

Angalia namna sheria inavyoweza kugawanyika katika barabara moja. Kwa England na Wales, Sheria ya Kulinda Mazingira ya 1990, baada ya marekebisho ya 2005, inaziruhusu halmashauri kutenga maeneo ambako kugawa karatasi za bure bila kibali ni kosa. Karatasi za shughuli za hisani, dini na siasa zimesamehewa. Kuingiza karatasi kwenye tundu la barua la nyumba nako hakuguswi. Kwa hiyo tangazo lilelile la duka huhitaji kibali ukimpa mpita njia, lakini halihitaji ukilipitisha mlangoni.

Hatua ya 2: Jua maana ya ukimya

Mwenye nyumba asiyesema lolote, amekubali au amekataa? Sehemu nyingi amekubali mpaka abandike katazo. Amsterdam waligeuza hilo kuanzia Januari 1, 2018: matangazo hupelekwa tu kwenye nyumba yenye stika ya kuyakubali. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uholanzi ikaupa mji haki. Lakini gazeti la bure la mtaa bado huingia kwenye nyumba isiyo na stika. Kama unabeba vyote viwili, vitenganishe kwenye mkoba tangu asubuhi. Montreal nao walifuata njia ya ridhaa kwanza, mwaka 2023.

Hatua ya 3: Chagua pa kuweka

Nchini Marekani, sanduku la barua ni la vitu vilivyolipiwa posta. Ukitumbukiza kipeperushi bila stempu unavunja sheria ya nchi nzima, hata kama mji haujasema kitu. Lexington, Kentucky, ulipitisha sheria ndogo mwaka 2017 inayotaja mahali pa kuacha karatasi zisizoombwa, kama barazani au kwenye tundu la mlango. Kampuni ya gazeti ilipinga, lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaondoa zuio lililokuwa limewekwa dhidi ya sheria hiyo.

Popote ulipo, usirushe kutoka garini. Kunja karatasi mara mbili, mkunjo uangalie chini ili maji yasiingie, kisha ibane ikae. Kwenye tundu la mlango isukume yote mpaka idondoke ndani. Inayoning'inia nusu nje huwaambia wezi kwamba wenyewe hawapo. Ukikuta toleo la wiki iliyopita bado lipo, pita, usiongeze jingine. Waipa za magari ziache kabisa. Hata pasipokatazwa, karatasi zile huishia mtaroni, na jina lililo juu yake ni la mteja wako.

Hatua ya 4: Tunza orodha ya waliokataa

Andika mtaa, namba ya nyumba na tarehe. Wengi huipanga kwa alfabeti, jambo ambalo halimsaidii anayetembea. Ipange kwa mfuatano wa milango, na kila msambazaji awe na nakala yake, hasa aliyeanza leo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Beba nakala ya kibali. Ukimaliza, rudi ulikopita uokote zilizoanguka. Mtu akilalamika, usibishane naye kuhusu sheria: chukua namba ya nyumba, iingize kwenye orodha siku hiyohiyo, kisha mjulishe mteja kabla hajapigiwa simu na halmashauri.