Jiko jipya la kuni: usilishindilie moto siku ya kwanza

Ukishafungiwa jiko jipya la kuni, moto wa kwanza uwe mdogo sana: vijiti vichache tu, ukauacha uzime na jiko lipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu, kila mara ukiongeza kuni kidogo. Chuma kinahitaji kuzoea joto, la sivyo kinaweza kupinda au kupasuka. Rangi yake nayo itatoa moshi na harufu kali mwanzoni. Hiyo ni kawaida, ila fungua madirisha.

Kuni ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi. Ziwe kavu kweli, unyevu usizidi asilimia 20. Kuni mbichi hujaza bomba la moshi masizi yenye mafuta, na siku yakishika moto, nyumba nzima iko hatarini. Usizibe hewa ili moto udumu usiku kucha, kwani nayo huleta masizi hayo hayo. Petroli au mafuta ya taa, kamwe!

Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje. Makaa hujificha humo hata siku kadhaa. Na tafadhali, weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto. Gesi hiyo haina harufu.