Kutambua jinsia kwenye slaidi ya damu

Ukiwa na slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Leishman au Giemsa, nenda pale seli zilipotandazika vizuri, weka lenzi ya mafuta ya 100 na uzitafute nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) zilizokomaa, zile ambazo kiini chake kimegawanyika vipande. Kwa mwanamke, baadhi yake huwa na kirungu kidogo kinachochomoza kwenye kipande kimojawapo: kichwa cha mviringo, cheusi, kilichojaa, chenye upana wa mikromita 1.5 hivi, kikining'inia kwa uzi mwembamba. Hiyo ni kromosomu X ya pili, iliyozimwa na kujikunja. Watafiti Davidson na Smith walikieleza kirungu hiki mwaka 1954.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kichwa chenye uwazi katikati usikihesabu. Vinundu vidogo visivyo na shingo viache pia, maana hata wanaume wanavyo.

Halafu usikate tamaa mapema! Kwa wanawake huonekana katika takriban nyutrofili 3 tu kati ya 100, kwa hiyo kukosa kirungu kwenye seli 20 hakuthibitishi kwamba ni mwanaume. Hesabu hadi 500. Ukipata 6 au zaidi, kuna X mbili.

Nasisitiza X mbili, si "mwanamke". Mwanaume mwenye kromosomu XXY (X mbili na Y moja) anaweza kuwa na virungu, na mwanamke mwenye X moja akavikosa. Majibu ya mgonjwa yatoke kwenye kipimo cha kromosomu.