Bedsita Nakuru: piga hesabu ya kuingia, si kodi tu

Kodi ya bedsita (nyumba ya chumba kimoja chenye choo na bafu ndani) ikiwa shilingi 6,000, shika zaidi ya 12,000: mwezi wa kwanza, diposita ya mwezi mmoja na mara nyingi diposita ya maji au stima. Kabla ya kulipa, omba keateka (mwangalizi wa nyumba) namba ya mita ya stima, ununue tokeni (stima ya kulipia kabla) ya shilingi 100. Yuniti zikija chache mno, huenda mita ina deni la mpangaji aliyehama, na litakatwa kwenye kila tokeni yako.

Maji nayo! Visima vingi hapa vina madini mengi ya floridi, yanayoharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuyaondoi. Kama ploti (jengo la kupangisha) inategemea kisima, weka bajeti ya maji ya kunywa. Risiti ya diposita iandikwe kando na ya kodi.