Lenzi ya makro ya enzi ya filamu kwenye kamera ya dijitali, kwa wapiga picha wa Tanga

Ukipiga kaa wa mikoko au ua la Saintpaulia kule Usambara, fokasi ya otomatiki haina msaada mkubwa. Kwa ukaribu ule, unafokasi kwa kusogeza kamera mbele na nyuma polepole. Ndiyo maana lenzi kama Micro-Nikkor 55mm f/2.8 ya Nikon bado inafaa sana: yenyewe inafika nusu ya ukubwa halisi, na ukiongeza pete ya kurefusha ya PK-13 ya milimita 27.5 inafika 1:1 (ukubwa halisi kamili).

Kabla ya kununua, mulika tochi kutokea nyuma ya lenzi. Ukiona nyuzi za utando, ni kuvu; iache. Kisha weka pete ya tundu la mwanga f/16 na usukume kile kijiti cha nyuma: bleidi (vipande vinavyofunga tundu hilo) zirudi papo hapo. Zikivuta, zina mafuta. Kwenye kamera ya Nikon yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) picha itatoka nyeupe mno, kwani bleidi hazijafunga shata inapofunguka. Kwenye kamera isiyo na kioo hicho (mirrorless) kasoro hiyo haisumbui sana, maana adapta (kiunganishi cha lenzi na kamera ya aina nyingine) huziacha bleidi zifuate pete ya tundu moja kwa moja.

Adapta ya Nikon F kwenda Sony E ina unene wa milimita 28.5 (umbali wa mdomo hadi kihisi: 46.5 wa Nikon F kutoa 18 wa Sony E), haihitaji kipande cha lenzi ndani. Lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa usizifunge kwenye kila Nikon ya dijitali: kamera nyingi zinaweza kuvunjika kijino cha pembeni mwa mdomo wa lenzi.

Kwenye menyu, ruhusu kamera kupiga bila lenzi, na andika 55 kwenye kitulizo cha mtikisiko. Fokasi ukiwa f/2.8, kuza picha kwenye skrini, kisha funga hadi f/8. Usivuke f/11. Ukiwa 1:1, f/8 inafanya kazi kama f/16 hivi, na f/16 kama f/32, ambapo mwanga unapinda na ukali wa picha unapungua. Mita ya kamera hulihesabu hilo. Flashi unayoipangia nguvu mwenyewe haihesabu, iongeze nguvu mara nne.

Chumvi ya ufukweni ipulize kwanza, usiisugue. Mkoba wa ngozi unashika unyevu. Tumia kopo la plastiki lisilopitisha hewa, lenye silika jeli. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje.