Somo: Fosfolipidi za eta zinavyotengenezwa ndani ya seli, kimeng'enya kwa kimeng'enya

Wanafunzi wengi wa baiokemia hapa Dar, wa Muhimbili na wa Mlimani, huzijua vizuri fosfolipidi za esta (lipidi za utando wa seli ambazo mikia yake imetokana na asidi ya mafuta), ila wakifika kwenye eta (mkia wa kaboni ya 1 umetokana na alkoholi ya mafuta) huyumba. Wanakariri majina ya vimeng'enya bila kujua kila kimoja kinafanyia kazi wapi. Chora kwanza vyumba viwili vya seli: peroksisomu (kifuko kidogo chenye utando) na retikulamu ya endoplazimu (ER, mtandao wa utando). Kisha fuata hatua.

1. GNPAT. Malighafi ni DHAP (dihaidroksiasetoni fosfati, yenye kaboni tatu), ileile ya glaikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi. Ndani ya peroksisomu, kimeng'enya hiki hubandika asidi ya mafuta kwenye kaboni ya 1. Hiyo bado ni esta, usiwahi kuandika eta.

2. FAR1. Kimo kwenye utando wa peroksisomu, kikitazama saitosoli. Huigeuza asilo-CoA (asidi ya mafuta iliyoshikwa na koenzaimu A) kuwa alkoholi ya mafuta kwa gharama ya molekuli 2 za NADPH, mtoaji wa elektroni. Hupendelea mikia ya 16:0, 18:0 na 18:1 (idadi ya kaboni, kisha ya vifungo maradufu), basi. Plasmalojeni (fosfolipidi za eta zilizokamilika, tazama hatua ya 6) zikijaa kwenye seli, FAR1 huvunjwa na kazi ikapungua. Breki ya njia nzima iko hapa.

3. AGPS. Hapa ndipo eta inapozaliwa, na ndipo mitihani inapokamata watu. AGPS hung'oa asidi ya mafuta iliyobandikwa na GNPAT na kuweka alkoholi mahali pake. Asidi huondoka na oksijeni zake zote mbili, kwa hiyo oksijeni ya eta hutoka kwenye alkoholi. Kimeng'enya kinahitaji FAD (msaidizi wa kimeng'enya anayetumika kwa kawaida kwenye uoksidishaji), japo mwishowe hakuna kilichooksidishwa: DHAP hushikwa na FAD kwa muda tu wakati mikia inabadilishwa. Ukiruka hatua ya 1 AGPS haina cha kung'oa, maana haiipokei DHAP tupu.

4. Ketoni ya kaboni ya 2 hugeuzwa kuwa haidroksili kwa NADPH. Sasa tuna alkili-gliseroli-3-fosfati.

5. ER hupokea. Kaboni ya 2 hupewa asidi ya mafuta, mara nyingi 20:4 au DHA (22:6, usiichanganye na DHAP!), fosfati huondolewa, kisha etanolamini (kichwa cha fosfolipidi) huletwa na mbebaji wake, CDP-etanolamini.

6. PEDS1, ambayo jeni yake, TMEM189, ilitambuliwa mwaka 2019. Huweka kifungo maradufu kati ya kaboni ya 1 na ya 2 za mkia wa eta, ikitumia oksijeni na elektroni za saitokromu b5 (protini inayopitisha elektroni). Hapo ndipo unapopata plasmalojeni. Hufanya kazi kwenye fosfolipidi ya etanolamini. Plasmalojeni ya kolini hutengenezwa baadaye kutokana na hiyo.

Kwa vitendo, ili uzione plasmalojeni: chukua gramu 1 ya moyo wa ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti, uliowekwa kwenye barafu mara tu baada ya kuchinjwa. Saga katika ml 20 za klorofomu na methanoli (2:1), chuja, ongeza ml 4 za maji ya chumvi 0.9%, tikisa, subiri zitengane. Lipidi ziko tabaka la chini. Fanyia ndani ya kabati la kuvuta hewa na chupa zikae kwenye baridi: kwa joto letu klorofomu huruka haraka na ule uwiano wa 2:1 unaharibika. Kausha kwa gesi ya naitrojeni, siyo kwa moto.

Weka tone la lipidi hizo kwenye kona ya sahani ya silika, pandisha kiyeyusho, kausha, pitisha mvuke wa HCl kwa dakika chache, geuza sahani nyuzi 90 na upandishe tena. Asidi hukata plasmalojeni: aldehaidi hukimbia mbele, na lisofosfolipidi (fosfolipidi iliyobaki na mkia mmoja) hubaki nyuma ya fosfolipidi nyingine. Eta zisizo na kifungo maradufu haziguswi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, PEX7 (protini inayobeba vimeng'enya kuviingiza peroksisomu) ikiwa mbovu, GNPAT si inaingia tu? Mbona plasmalojeni hazipatikani?
Inaingia, kwa kuwa ina PTS1, alama ya kuingilia peroksisomu inayosomwa na mbebaji mwingine, PEX5. AGPS ina alama nyingine, PTS2, nayo hubebwa na PEX7. Bila AGPS ndani hakuna eta. Ndiyo RCDP (ugonjwa wa kurithi wa watoto unaoathiri mifupa) aina ya 1. Aina ya 2 ni kasoro ya GNPAT, ya 3 ni AGPS.

Nimesikia sifa, yale mafuta ya ini la papa ya kupaka majahazi, yana alkiligliseroli. Zinaweza kuruka peroksisomu?
Ndiyo. Kinasi huzitia fosfati na zinaingia moja kwa moja mwisho wa hatua ya 4. Lakini hiyo ni njia ya seli, siyo dawa. Usimnyweshe mtoto sifa.

Sahani yangu haikuonyesha plasmalojeni kabisa, na sijakosea hatua hata moja. Nilitumia ini.
Ini lina plasmalojeni kidogo sana, rudi kwenye moyo. Kagua pia klorofomu yako. Iliyokaa muda mrefu kwenye chupa nyeupe juani, bila etanoli ya kuihifadhi, hutoa HCl na fosjini, ambayo ni sumu. HCl hiyo hukata plasmalojeni kabla hujafika kwenye sahani. Usiinuse kuipima, peleka kwenye taka za kemikali na ufungue chupa mpya ya kahawia.